Pete haitoki

*Kikundi: Majirani*

*Jumatano*

20:41 Mama Pacha: Jamani, mke wa Fundi kaniita. Kichwa kinamgonga tangu asubuhi na anaona vimulimuli. Mimba ina wiki 34. Nesi, upo?

20:42 Bibi: Uchovu huo. Jana kafua siku nzima. Mwacheni alale.

20:43 Shangazi: Mpeni maji ya kutosha anywe.

20:46 Nesi: Nipo. Asilale kwanza. Uso umevimba? Chini ya mbavu je, panauma?

20:49 Mama Pacha: Uso umejaa. Pete ya ndoa haitoki, tumepaka sabuni mpaka kidole kimekuwa chekundu. Na chini ya mbavu, upande wa kulia, anasema ni kama kapigwa ngumi.

20:50 Nesi: Shikamoo Bibi, unisamehe, lakini huo si uchovu. Mama Pacha, piga picha kadi ya kliniki uitume hapa.

20:52 Mama Pacha: [picha]

20:54 Nesi: Uzito upo. Kimo cha tumbo kipo. Kisanduku cha presha kitupu. Cha mara iliyopita nacho kitupu. Mkojo haujapimwa.

20:55 Mama Pacha: Anasema aliambiwa kipimo kibovu, atapimwa akirudi. Akarudi, bado kibovu.

20:56 Shangazi: Kumbe tunasifiana kuhudhuria kliniki, kumbe tunaenda kusimama kwenye mizani tu 🤦🏾‍♀️

20:58 Nesi: Hilo tutalisema baadaye. Mimba ikishapita wiki 20, presha ya 140/90 tayari ni onyo. Ikiongezeka na kichwa, vimulimuli na maumivu hayo, kinachofuata chaweza kuwa degedege, yaani kifafa cha mimba. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu salfeti, haipo kabatini kwa mtu. Aende usiku huu, na aende hospitali yenye upasuaji. Akipitia zahanati ataandikiwa rufaa tu, saa zinakwenda.

21:00 Mama Pacha: Fundi yuko safarini, simu haipatikani. Mama mkwe anasema tumsubiri mwenyewe arudi kesho.

21:01 Mwenyekiti: Naja kuongea naye.

21:02 Bibi: Mwenyekiti kaa. Nakwenda mimi. Nimemzidi umri yule, hataweza kunibishia.

21:03 Shangazi: Bibi si ulisema uchovu 😅

21:03 Bibi: Sikuwa nimesikia habari ya pete.

21:05 Dereva: Gari lipo, nageuza sasa hivi.

21:06 Nesi: Alale kiti cha nyuma kwa ubavu wa kushoto. Akianza kutikisika njiani msimtie kijiko mdomoni wala kitambaa. Mgeuzeni ubavu, muendelee na safari. Mimi napiga simu wodi ya wazazi wajue anakuja.

21:19 Dereva: Tumeondoka. Mama mkwe yupo mbele, hasemi neno.

22:11 Mama Pacha: Tumefika. Presha 170 kwa 115. Kachomwa mshipani, kisha makalio yote mawili. Analia kwamba sindano inachoma.

22:12 Nesi: Inachoma kweli. Mwache alie.

22:30 Mama Pacha: Wanataka wachangia damu wawili, huenda akapasuliwa.

22:31 Mwenyekiti: Mimi.

22:31 Shangazi: Na mimi. Dereva nipitie.

*Alhamisi*

05:50 Mama Pacha: Wa kike. Gramu 1,900. Analia kama paka, lakini analia 😭 Mama yuko chini ya uangalizi.

05:53 Nesi: Alhamdulillahi. Msimwache mama bila kupimwa, kifafa huweza kuja hata baada ya kujifungua. Mtoto yuko wapi?

05:55 Mama Pacha: Mashine ya joto ni moja na ndani wamo wawili tayari. Kwa hiyo nimevua blauzi, yuko kifuani kwangu, kofia kichwani, tumefungwa khanga pamoja. Muuguzi ndiye kaniambia.

05:58 Nesi: Hiyo ndiyo njia ya kangaruu, kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa shida hii hii ya mashine kutotosha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, aanze kubebwa hivyo mara tu anapozaliwa. Mama akiamka apewe yeye, na maziwa yakamuliwe mapema. Fundi akifika, naye avue shati.

07:32 Fundi: Nimewasha simu nakuta ujumbe wote huu. Niko njiani. Sijui niseme nini.

07:33 Shangazi: Usiseme. Njoo na kifua.

08:10 Jirani wa Kona: Jamani nami nina miezi sita. Nimeangalia kadi yangu. [picha]

08:12 Mama wa Juu: Yangu hii. [picha]

08:13 Nesi: Tupu. Na hii tupu.

08:15 Mwenyekiti: Jumatatu saa mbili asubuhi, wote wenye kadi tuonane kliniki. Nitazungumza na msimamizi, tujue kipimo kinatengenezwa lini na nani anakifuatilia.

08:20 Bibi: Na ile pete?

08:21 Mama Pacha: Waliikata.