Majirani wa Gungu, Kigoma

Mama Shadya (2:47 usiku): Jamani nani yuko macho? Mtoto anachemka. Nimempa panadoli ya maji saa 12 na nusu jioni, homa imerudi. Nimwongeze?

Bibi Mwamvua: Mpondee nusu aspirini mjukuu wangu. Nyie wote mmekulia hiyo.

Nesi Hadija: Shikamoo bibi. Aspirini aliye chini ya miaka 16 hapewi, inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unakula ubongo na ini. Mama Shadya, mtoto ana kilo ngapi?

Bibi Mwamvua: Marahaba. Haya, nimenyamaza.

Mama Shadya: Kadi inasema 12. Nimempa kijiko kimoja, na dawa ya mafua kijiko kimoja.

Nesi Hadija: Kijiko gani?

Mama Shadya: Hiki cha chai cha nyumbani

Baba Juma: Kile kijiko chako ni mwiko 😂

Nesi Hadija: Soma chupa zote mbili.

Mama Shadya: Ya kwanza parasetamoli miligramu 120 kwa mililita 5. Ya mafua… parasetamoli 120 tena. Mungu wangu!

Nesi Hadija: Parasetamoli ndiyo panadoli yenyewe, kwa hiyo umempa mara mbili. Tulia, kwa mara moja hivyo hajadhurika. Ukirudia siku nzima ndiyo ini linaumia. Kila kilo ni miligramu 10 hadi 15, kwa hiyo kilo 12 ni mililita 5, isizidi 7 na nusu. Usimpe tena kabla ya saa 6 na nusu usiku. Kwa saa 24, mara nne tu. Ya mafua weka kando. Na pima kwa bomba la sindano, toa sindano yenyewe.

Baba Juma: Mimi nina brufeni ya maji hapa.

Nesi Hadija: Anatapika? Anaharisha?

Mama Shadya: Vyote, tangu mchana.

Nesi Hadija: Basi brufeni hapana. Akiwa amepungukiwa maji inampiga figo. Mpe ORS, ile ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo. Homa ilianza lini?

Mama Shadya: Jana jioni

Nesi Hadija: Na hajapimwa malaria? Panadoli inashusha joto tu, mbu wa hapa hawaijui. Mpeleke kituo cha afya usiku huuhuu.

Baba Juma: Nawasha pikipiki. Beba na chupa zote.

Mama Shadya (5:10 usiku): Kipimo kimeonyesha malaria. Kaanza dawa ya mseto. Daktari kauliza kapewa nini, nikamwonyesha chupa.

Baba Juma: Na mwiko?