Pai ya boga la bustanini inachuruza maji: kosa liko kwenye boga au kwenye upishi?

ShambaDogo

Habari zenu wakuu. Kuna maboga sita ya bustanini hapa, makubwa, ya duara, rangi ya chungwa, ganda laini kiasi. Pai zinazotokana nayo zinatoka kwenye oveni zikiwa na sura nzuri, lakini ukikata baada ya saa moja maji yanajikusanya chini ya sahani na ganda la pai linalowana. Juu nako kuna nyufa mbili tatu katikati.

Vipimo ni hivi: rojo la boga gramu 425, mayai 3, krimu mililita 240, sukari ya kahawia gramu 150, mdalasini kijiko kimoja na nusu cha chai, tangawizi kimoja, karafuu ya unga kimoja, chumvi nusu kijiko. Sufuria ya pai ni sentimita 23. Boga linachemshwa vipande vipande mpaka lilainike, linapondwa, linachanganywa papo hapo. Moto ni nyuzi 190 kwa dakika 70, mpaka katikati ishike kabisa.

Jambo la pili: nyumbani wapo wawili wasioipenda. Mmoja anasema inanuka dawa ya meno, mwingine anasema ni uji wa mtoto uliomwagwa kwenye ganda. Je, hawa wanabembelezwa vipi, au waokewe kitu kingine?

MbeguNaMizizi

Mkuu, tuanze na boga lenyewe. Kwa maelezo yako hilo ni Cucurbita pepo, lile kubwa linalopendwa kwa kuchongwa taa. Nyama yake ni nyembamba, ina nyuzi na maji mengi, sukari kidogo. Linaliwa, ila kwa pai linakudai kazi ya ziada.

Hakikisha kwa kuangalia kikonyo. Cha pepo ni kigumu, kina kingo tano zilizochongoka. Cha Cucurbita moschata (kundi la batanati, boga refu lenye shingo) nacho kina kingo, lakini kinapofika kwenye tunda kinatanuka kama mguu wa bata. Cha Cucurbita maxima ni cha mviringo, kinene, laini kama kizibo cha chupa. Kwa pai chagua moschata, au maxima yenye nyama kavu. Wengi hawajui kwamba boga la makopo linalotumika sana kwa pai huwa ni moschata yenye ganda la rangi ya ngozi, si lile la chungwa linalochorwa kwenye picha.

Ukomavu nao una neno. Boga linahitaji siku 45 hadi 55 tangu ua jike lichavushwe. Likichumwa mapema, wanga haujajaa, na unachopika ni maji yenye rangi. Bonyeza ganda kwa ukucha: ukizama, bado. Kikonyo kiwe kimekauka, na ukikata uache sentimita 5 hadi 10, kwa sababu pale kikonyo kilipong'oka ndipo uozo unapoingilia. Usilibebe kwa kikonyo.

Ukishachuma, liweke siku 10 mahali pakavu penye joto la nyuzi 27 hadi 30 na hewa inayopita, ganda likaze na mikwaruzo ijifunge. Halafu lihamishie penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15. Chini ya nyuzi 10 linaumia na kuoza upesi. Batanati ikikaa mwezi mmoja au miwili hivyo, sehemu ya wanga inageuka sukari, kwa hiyo iliyochumwa leo haina utamu wa ile iliyotulia.

Na kwa msimu ujao: usizidishe mbolea ya naitrojeni, utavuna majani. Mche mmoja wa aina kubwa uachie matunda mawili au matatu, hayo mengine yaondoe yakiwa madogo. Ukiona vitunda vinageuka njano na kudondoka vikiwa saizi ya yai, ni uchavushaji umekosekana. Maua dume hutangulia wiki moja au mbili, hivyo usihangaike mwanzoni. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Alfajiri, kabla maua hayajafunga, chuma ua dume, ling'oe petali, lipake lile jike katikati. Dume moja linatosha majike mawili.

OveniMoto

Boga ni nusu tu ya tatizo. Hapo kuna vyanzo viwili vya maji, na dawa zake ni tofauti.

Cha kwanza ni rojo. Boga la kuchemsha linanyonya maji ya sufuria juu ya maji yake lenyewe. Likate mara mbili, toa mbegu, lilaze uso ukiangalia chini kwenye trei, nyuzi 200, dakika 45 hadi 60, mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Kwangua nyama, ponda, litie kwenye kitambaa safi juu ya chujio na uliache saa moja. La pepo liache usiku kucha ndani ya friji. Baada ya hapo kuna hatua ambayo watu wanairuka: kaanga rojo tupu kwenye sufuria pana, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, ukikoroga bila kuacha. Liko tayari pale mwiko unapopita katikati na njia yake haijifungi. Gramu 425 zipimwe baada ya kukausha, SIO kabla. Andaa boga bichi la kilo moja na nusu kwa pai moja. Likiwa la pepo lenye maji, fika kilo mbili.

Cha pili ni moto. Ujazo wa pai hii ni kastadi, yaani mayai ndiyo yanayoshika. Protini ya yai ikipashwa kupita kiasi inajikaza na kukamua maji iliyoyabeba, kama kitambaa kinachosokotwa. Hizo nyufa zako ndizo ushahidi. Dakika 70 kwa nyuzi 190 ni nyingi mno. Namna ya kutofautisha: kama ujazo wote ni tepetepe na hausimami, lawama ni ya rojo. Kama ujazo umesimama, una vitundu vidogo kama sponji, na maji ni maangavu chini yake, umeokwa sana. Kwa maelezo yako, yote mawili yapo.

Anza na nyuzi 220 dakika 15, punguza hadi 175, endelea dakika 35 hadi 40. Itoe wakati kingo zimeshika na katikati, upana wa sentimita 5 hivi, bado patikisike kama jeli ukisukuma sufuria. Mwenye kipimajoto achome katikati: nyuzi 79 au 80 ndipo mwisho. Joto la ndani litamalizia kazi lenyewe. Usisubiri katikati ishike ndani ya oveni, hapo umeshachelewa.

Kisha iache ipoe saa 2 hadi 3 juu ya waya, hewa ipite chini. Saa moja haitoshi, ujazo haujatulia. Ikipoa iingie friji, maana ina mayai na krimu. Siku 3 hadi 4, basi.

Ganda nalo liokwe tupu kwanza. Unga gramu 180, siagi baridi gramu 115, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya barafu vijiko 3 hadi 4 vikubwa. Siagi ibaki vipande vya saizi ya punje ya njegere. Ukiisugua ikayeyuka, ganda litakuwa gumu kama biskuti. Pumzisha donge saa moja kwenye friji, sukuma, tandika, rudisha friji nusu saa lisije likanywea. Funika kwa karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu, nyuzi 200 kwa dakika 18 hivi, toa karatasi na maharage, dakika 6 nyingine mpaka chini pakauke. Mimina ujazo ganda likiwa bado la moto.

MvukeTu

OveniMoto, nakubaliana na mengi ila si kwamba kuchoma ndiyo njia pekee. Kuchoma kunaleta ladha ya karameli inayofunika ladha ya boga lenyewe. Kwa maxima yenye nyama kavu, mvuke wa dakika 20 unatosha, vipande vikae juu ya maji bila kuyagusa, halafu ukaushe kwenye sufuria kama ulivyoeleza. Rojo linabaki na rangi angavu. Kwa pepo, sawa, chomeni.

OveniMoto

Kwa maxima kavu sina ubishi. Lakini ShambaDogo ana pepo, na mvuke hapo utamwongezea chuja-chuja.

BiIliki

ShambaDogo, hao wawili wasiopenda wana hoja, wasikilize.

Anayenusa dawa ya meno hakosei hata kidogo. Karafuu ina yujenoli, na hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye dawa za meno. Kijiko kizima cha karafuu kwenye pai moja ni kingi mno! Robo kijiko cha chai ndiyo kikomo, na kwa mtu wa aina hiyo itoe kabisa. Weka iliki nusu kijiko na kungumanga iliyokunwa papo hapo robo kijiko. Mdalasini ubaki, tangawizi ibaki. Iliki inakaa vizuri na boga kwa sababu ina harufu ya uchachu wa limau kwa mbali, na boga peke yake halina uchachu wowote. Chumvi usiipunguze, pai ya boga isiyo na chumvi ina utamu uliolala.

Kitu kingine, kaanga viungo pamoja na rojo katika zile dakika mbili za mwisho za kukausha. Vinatulia, havibaki na ule ukali wa unga mbichi kooni.

Anayesema uji tatizo lake ni jinsi inavyokaa mdomoni, na huyo habadilishwi kwa viungo. Pitisha rojo kwenye chujio laini uondoe nyuzi, kisha mpe kitu cha kutafuna: njugu zilizokaangwa na kupondwa, au mbegu zenyewe za boga. Zioshe, zikaushe kabisa, nyuzi 160 kwa dakika 20 na mafuta kidogo na chumvi, ukigeuza mara moja. Nyunyiza wakati wa kula, sio kabla, zisije zikalainika.

Asipoipenda hata hapo, mwache. Mwokee pai ya tufaha iliyo na vipande vinavyoonekana, au ya limau kama anapenda uchachu. Pai ya viazi vitamu usimpe, ni kastadi ileile, atakwambia uji tena.

Wasiotumia maziwa: tui zito la nazi mililita 240 mahali pa krimu linafanya kazi vizuri. Liwe zito kweli, la kwanza. Tui jepesi linakurudisha kwenye maji.

ShambaDogo

Nashukuru sana wote, karafuu na dakika 70 nimeziona sasa. Mawili ya mwisho. Rojo likibaki, linafaa kufungiwa kwenye chupa na kuchemshwa kama jamu? Na boga moja kati ya sita, lililotoka kwenye mbegu za mwaka jana zilizohifadhiwa, ukionja bichi ni chungu. Sukari zaidi itasaidia?

MbeguNaMizizi

Hilo chungu LITUPE, mkuu. Usiongeze sukari, usilichemshe, usilionje tena. Uchungu ule ni kukurbitasini, sumu ambayo moto hauiondoi. Inasokota tumbo, inatapisha na kuharisha vibaya. Kwa kawaida inatokea pale pepo wa kuliwa alipochavushwa na vibuyu vya mapambo, ambavyo ni jamii ileile. Tunda la mwaka ule linakuwa sawa, kosa linajificha kwenye mbegu na kujitokeza kwenye zao linalofuata. Mbegu zake usizipande wala usizitupe kwenye mboji, zitaota.

Ukitaka kuhifadhi mbegu za pepo, funga ua jike na ua dume kwa uzi jioni kabla hayajafunguka, chavusha kwa mkono asubuhi, funga tena, weka alama kwenye kikonyo. Na kila boga la mbegu za kuhifadhi mwenyewe, onja kipande kidogo kikiwa kibichi, uteme, kabla ya kupika.

OveniMoto

Rojo kwenye chupa hapana. Boga halina asidi ya kutosha, na rojo ni zito kiasi kwamba joto halifiki katikati sawasawa. Bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, wanabaki hai humo. Ligandishe. Gawa gramu 425 kila mfuko, bapa, nyuzi 18 chini ya sifuri. Likiyeyuka litatoa maji tena kwa sababu barafu imepasua chembe zake, kwa hiyo lichuje upya na ulipime upya kabla ya kutia mayai.