Naomba ushauri: rimu pana zinagusa fenda, na gari nimeishusha

Hamjambo ndugu zangu. Nina Subaru Impreza ya 2009, niliishusha kwa springi fupi mwaka jana na sijajuta. Juzi nikaivalisha rimu za inchi 17, upana 8, ofseti 35 (yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi inapofungiwa; ikipungua, rimu hutoka nje), tairi 215/45. Za kiwandani zilikuwa inchi 16, upana 6.5, ofseti 55.

Nikipiga hesabu, kwa ndani rimu imebaki karibu palepale, lakini kwa nje imetoka kama milimita 39. Ikisimama yapendeza mno! Nikiwa peke yangu haina neno. Shida ni nikimpakia mama na watoto nyuma: nikishuka rampu ya feri pale Likoni, tairi ya nyuma kulia inakwaruza. Nilipoinama na tochi nikaona mdomo wa fenda umebaki chuma kitupu kinachong'aa, na vumbi jeusi la mpira limejaa ndani. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, kutu haitakawia.

Fundi mmoja ataka kuupasha moto mdomo wa fenda aukunje, ili rangi isipasuke. Mwingine aniambia nirudishe springi za zamani, na hilo moyo wangu haulitaki kabisa. Nawaza pia kuongeza kemba nyuma, yaani kuinamisha tairi juu iingie ndani, ila nahofia tairi italiwa upande wa ndani.

Aliyewahi kukunja fenda hapa Mombasa, rangi ilisalimika? Na mnaobeba familia kila siku, kemba ya nyuma mliweka digrii ngapi?