tmpfs (hifadhi ya mafaili iliyo ndani ya RAM) imekula RAM yote? Laptop ya 4GB, Linux ya Debian 13

Wakuu habari za mchana. Nina laptop ya kitambo, RAM 4GB, wiki jana nimetoka Debian 12 kwenda 13, sasa jana nahamisha video naitupia kwanza /tmp (folda ya mafaili ya muda) kama nilivyozoea ikafika katikati ikagoma eti nafasi imeisha, na diski ina zaidi ya GB 100 tupu! Kucheki nafasi kwa df -h naona tmpfs kibao, /run, /dev/shm, /tmp, mbili kati ya hizo GB 1.9 kila moja. Ina maana mashine ikishawaka tu RAM yote imegawanywa??

Jibu 1
Hapana mkuu, hiyo 1.9 ni kikomo, sio kilicholiwa. Angalia safu ya Used. tmpfs inachukua RAM kadiri unavyojaza mafaili, ukifuta inarudi, na usipoipangia saizi kikomo chake ni nusu ya RAM. Debian 13 ndo imehamishia /tmp huko. Video zipeleke /var/tmp, hiyo iko kwenye diski. Au piga sudo systemctl mask tmp.mount (inazuia /tmp isiwekwe kwenye RAM) halafu uributi.

Jibu 2
Naongezea hapo. Bila mafaili ya kwenye RAM hata kuwaka haiwaki hiyo laptop. Keneli (kiini cha Linux) ikiamka inataka draiva ili isome diski, na draiva nyingine ziko humo humo kwenye diski, yaani ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Ndo maana kuna initramfs, kifurushi chenye draiva kinafunguliwa kwenye RAM, programu yake /init inatafuta diski halisi, ikiipata vitu vya kifurushi vinafutwa kwenye RAM na mfumo unahamia huko. /run (taarifa za muda za programu zinazofanya kazi) nayo inatakiwa mapema, kabla diski haijaruhusu kuandika, so hiyo usiiguse kabisa. Uzito utausikia /tmp ikijaa na vitu vikaanza kusukumiwa swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM).

Mwuliza swali
Aah nimewapata. Kabla sijaributi, mafaili yangu ya zamani ya /tmp nayo yameenda na maji? Kulikuwa na sabtaitol nimehangaika nazo wiki nzima

Jibu 1
Bado yapo kwenye diski, tmpfs imeyafunika tu kwa juu. Piga sudo mount --bind / /mnt (inaonyesha diski yenyewe kwenye /mnt) kisha ls /mnt/tmp. Yakopi SASA HIVI, ukimask ukaributi kwanza yanaweza kufagiwa, /tmp ya diski Debian ilikuwa inasafishwa kila ukiwasha. Na nani anaweka kazi ya wiki nzima /tmp jamani 😂

Mwuliza swali
Zipo zote! Zishahamia /home