Naomba ushauri: ujumbe uliokwisha muda unakwama kwenye foleni ya RabbitMQ

Ndugu wataalamu, habari za kazi.

Nina foleni moja ya kawaida katika RabbitMQ (programu inayopokea ujumbe kutoka huduma moja na kuupanga foleni hadi huduma nyingine iusome) inayobeba namba za uthibitisho, ambazo kila moja nimeiwekea muda wa kuishi wa milisekunde 60000, pamoja na vikumbusho vya malipo vya saa 24. Huduma inayosoma foleni hiyo ikisimama, namba hazihamii kwenye foleni ya ujumbe uliokufa (foleni ya pili, inayopokea ujumbe uliokwisha muda) hata baada ya dakika 20. Nikitazama ndani, naona kikumbusho kimekaa mbele na nyuma yake zimepangana namba zilizokwisha muda, kwa kuwa RabbitMQ huuondoa ujumbe uliowekewa muda wake wenyewe pale tu unapofika kichwani mwa foleni. Jambo hili linaniumiza sana, maana foleni ile ya pili ndiyo inayoanzisha simu ya sauti kwa mteja anayesubiri.

Nilijaribu kuweka x-message-ttl (mpangilio wa muda wa kuishi wa kila ujumbe ulio kwenye foleni) ya 60000 kwa foleni nzima, lakini vikumbusho navyo vikafa, kwani kati ya muda wa foleni na muda wa ujumbe wenyewe, ulio mfupi ndio unaofuatwa.

Je, nitenganishe foleni mbili nyuma ya eksichenji ya topiki (kigawanyi kinachopeleka ujumbe kwenye foleni kulingana na ufunguo wake), kwa funguo kama sms.namba na sms.kikumbusho? Na muda wa foleni niuweke kwa sera (kanuni inayowekwa nje ya foleni yenyewe), ili siku nikitaka kuubadilisha nisilazimike kuifuta foleni pamoja na ujumbe uliomo?