Faiawoli ndani ya Proxmox, au kiboksi chake peke yake? Naomba ushauri kabla sijanunua

Mpiga_Kebo (Mwanza)
Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia mtandao wa chuo kidogo cha ufundi: kompyuta 45, simu za walimu, fiba ya 50 Mbps. Ruta tuliyofungiwa na mtoa huduma inapumulia mashine. Wakiingia watu 30 inajizima na kuwaka yenyewe.

Tunayo seva moja ya mtumba, RAM 32 GB, poti mbili za Intel, inaendesha Proxmox (mfumo wa kugawa seva moja kuwa mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta ndani ya kompyuta). Ndani yake kuna mfumo wa ada, hifadhi ya mafaili na mashine za majaribio za wanafunzi. Nimewaza kusimika OPNsense (programu ya bure ya faiawoli, mlinzi wa mtandao) humo humo kama mashine pepe, maana haitagharimu hata shilingi. La sivyo nitafute desktop ya mtumba niichomeke kadi ya poti mbili, au ninunue ruta ya MikroTik mambo yaishe. Mhasibu anataka jibu Ijumaa. Nawasilisha.

Dada_Seva (Dar)
Mimi nimeendesha pfSense, ndugu yake OPNsense, juu ya Proxmox miaka miwili, na kwa kasi hiyo ya 50 Mbps seva yako haitasikia chochote. Ila nikuonye mapema juu ya kitu kilichonikesha siku mbili. Ping inakwenda, majina ya tovuti yanapatikana, lakini kurasa hazifunguki, au zinafunguka kwa kukokotwa. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikaanza kumshuku mtoa huduma.

Tatizo lilikuwa hesabu ya uhakiki ya pakiti (checksum, namba ya kuonyesha kama data imefika salama). Kwenye kadi ya kweli, mfumo unaweza kuiachia kadi ifanye hesabu hiyo pakiti inapotoka. VirtIO ni kadi ya kuigiza: pakiti ikitoka mashine pepe moja kwenda jirani yake haigusi waya wowote, kwa hiyo inafika hesabu haijakamilishwa. FreeBSD, mfumo endeshi ulio chini ya pfSense na OPNsense, ikijaribu kuifanyia NAT (kubadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje), inatoka imeharibika na kutupwa njiani. Dawa ni kutia tiki moja tu, "Disable hardware checksum offload", kisha kuwasha upya. Siku mbili zangu zilikwenda kwa tiki moja.

MzeeSwichi (Tanga)
Mimi sipo upande huo. Geti halijengwi sebuleni, mgeni atakuwa ameshaingia. Mnakumbuka VENOM ya 2015? Kosa kwenye kidhibiti cha diski laini ndani ya QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe, kifaa ambacho hakuna aliyekuwa akikitumia, likafungua njia ya kutoka mashine pepe hadi kwenye mwenyeji wake. KVM, ambayo Proxmox inaitumia, na Xen zote ziliguswa.

Boss_wa_Rack (Eldoret)
Mzee, shikamoo, lakini hapo umemtisha bure. Ukitengeneza daraja la WAN (upande wa intaneti), vmbr1 kwa mfano, usilipatie anwani ya IP kabisa upande wa Proxmox. Linakuwa bomba tupu: pakiti za nje zinapita moja kwa moja hadi OPNsense, na ukurasa wa usimamizi ule wa poti 8006 hauonekani kutoka nje. Kosa la watu wengi ni kuacha mwenyeji, yaani Proxmox, naye achukue anwani ya kugawiwa kwa DHCP upande wa nje. Hapo ndipo geti linakuwa sebuleni kweli.

Halafu kuna faida moja watu hawaisemi. Ukinunua kompyuta ya bei poa, mara nyingi kadi yake ni Realtek, na draiva za Realtek kwa FreeBSD zimesumbua watu miaka mingi. Ndani ya Proxmox, Linux ndiyo inaongea na Realtek, OPNsense inaona VirtIO pekee.

Kama mtu atakushauri MikroTik CHR, ile RouterOS ya mashine pepe, ujue leseni ya bure inabana kutuma kwenye 1 Mbps kwa kila poti. Ni ya kujifunzia hiyo.

MzeeSwichi (Tanga)
Marahaba kijana. Hilo la daraja nakubali, na VENOM ilizibwa zamani. Lakini usalama haukuwa hoja yangu kubwa, nimeanza vibaya. Hoja ni hii: seva hiyo ni ya majaribio ya wanafunzi. Diski ikijaa, intaneti inakwenda. Ukisasisha kerneli ya Proxmox na kuwasha upya, chuo kizima kinakaa gizani. Na siku ukiwa kwenye basi kwenda Bukoba, utasema uingie kwa VPN urekebishe, VPN yenyewe iko ndani ya faiawoli iliyolala. Utampigia mlinzi simu umwambie abonyeze kitufe gani?

Mpiga Kebo, tuambie ukweli: seva hiyo imezimwa mara ngapi muhula uliopita?

Bint_Shangani (Unguja)
Swali la Mzee ndilo lenyewe. Nami naongeza la umeme, maana ndio mgeni wetu wa kila wiki. Umeme ukirudi, seva lazima iwake yenyewe (kwenye BIOS mipangilio hiyo mara nyingi imezimwa), kisha Proxmox iamke, kisha faiawoli itangulie kuliko mashine nyingine. Kwenye Options ya mashine pepe hiyo weka "Start at boot", na kwenye "Start/Shutdown order" weka namba 1. Kwangu faiawoli iliwahi kuwa ya mwisho kwenye foleni; mfumo wa ada uliamka ukakosa DNS (huduma ya kutafuta majina ya tovuti), ukagoma hadi asubuhi.

Nakusihi pia usiifanye passthrough ya kadi kwa sababu tu umeiona kwenye video. Ni nzuri kwa kasi kubwa, lakini kadi ikishakabidhiwa mashine pepe, Proxmox haiioni tena. Kwa poti mbili ulizonazo utajifungia nje mwenyewe.

Mpiga_Kebo (Mwanza)
Ahsanteni sana. Nimeangalia daftari la seva. Muhula uliopita imewashwa upya mara 11, na 4 kati ya hizo ni wanafunzi waliojaza RAM. Mzee, hapo sina la kujitetea.

Nimemwandikia mhasibu: desktop ya mtumba, i5 ya kizazi cha 4, na kadi ya Intel ya poti mbili. MikroTik nimeiacha kwa sababu moja tu, wenzangu wawili hapa wanaielewa OPNsense, RouterOS hawaijui, na mimi sitakuwepo kila siku. Ila lile wazo la mashine pepe silitupi. Nataka nisimike OPNsense ya pili ndani ya Proxmox, ikae imezimwa kama tairi la akiba. Kiboksi kikifa, nahamisha kebo na kuiwasha. Mipangilio ya kile kiboksi itakubali kuingia humo?

Dada_Seva (Dar)
Itakubali, config.xml, faili la mipangilio, ni ile ile. Kinachobadilika ni majina ya poti. Kwenye kadi ya Intel zitaitwa igb0 na igb1, au em0 na em1, ndani ya Proxmox zitakuwa vtnet0 na vtnet1. Tengeneza nakala ya pili ya faili, badilisha majina humo sasa hivi ukiwa umetulia, uipakie na ujaribu Jumamosi moja wanafunzi wakiwa wameondoka. Usisubiri siku ya msiba. Kila ukibadilisha sheria kwenye kiboksi, rudia nakala; akiba ya miezi sita nyuma haitakusaidia.

Boss_wa_Rack (Eldoret)
Na mtoa huduma wako kama anafunga huduma kwa anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), ipe vtnet ya WAN MAC ile ile ya kiboksi. Usiziwashe zote mbili pamoja tu.

MzeeSwichi (Tanga)
Kebo ya WAN ifunge utepe mwekundu, na poti yake pia, kwenye kiboksi na kwenye seva. Atakayehamisha siku hiyo ni mlinzi, si wewe.