Mjadala: Mnasihi wa kozi fupi aingie chama cha wanasaikolojia Kanda ya Kati?

Mlimwa (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tuliweke mezani jambo linalonong'onwa kila wanasaikolojia wa Dodoma na Singida wanapokutana. Mwenye shahada ya uzamili ya saikolojia tiba huelekea palipo na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, palipo na vyuo vikuu, au Mtumba kwenye ofisi za serikali. Ukishuka Itigi au Chemba, anayeketi na mfiwa, na aliyebakwa, na anayesema amechoka kuishi, ni afisa ustawi wa jamii, muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katekista au mwalimu wa malezi. Baadhi yao wana cheti cha ushauri nasaha cha wiki mbili, sita, au miezi mitatu.

Swali: chama cha wanasaikolojia cha kanda kiwape uanachama wanasihi hawa, yaani washauri nasaha wa kozi fupi? Na kama ndiyo, wa namna gani?

Tahadhari moja kabla hatujarushiana maneno. Chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura 337, ni cha hiari. Kinaweza kumfuta mtu uanachama, hakiwezi kumfungia asifanye kazi. Rungu hilo ni la baraza lililoundwa kwa sheria. Wakenya walitunga sheria yao ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Afrika Kusini wanasaikolojia husajiliwa na baraza la taaluma za afya kwa sheria ya mwaka 1974. Hapa tunajadili chama. Kwa hiyo anayesema "wafungiwe" atuambie kwa rungu lipi.

Kilimatinde

Napinga, na sababu yangu ya kwanza ni kibao. Mpe mtu kadi leo, kesho kibao kinasimama karibu na stendi kikiwa na neno "mwanasaikolojia" kwa herufi kubwa. Mwananchi hasomi kifungu cha katiba kinachotenganisha mwanachama kamili na mshiriki. Anasoma neno hilo moja, analipa.

Ya pili ni nzito zaidi. Kozi fupi humfundisha mtu cha kufanya, haimfundishi wakati wa kutofanya. Chukueni dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, ile huzuni nzito ya kiugonjwa. Maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3 kwa wingi wa siku mtu alizosumbuliwa ndani ya wiki mbili zilizopita, jumla 0 hadi 27, na kuanzia 10 tunasema mtu huyu achunguzwe zaidi. Achunguzwe, hajahukumiwa. Sasa tazama swali la 3, la 4 na la 5: usingizi, uchovu, hamu ya kula. Mama mwenye upungufu wa damu, au mwenye kichanga kinachoamka usiku kucha, anaweza kupata alama 9 kwenye hayo matatu peke yake. Bado moja tu afike 10. Mnasihi asiyejua dodoso limejengwaje anajumlisha, anamwambia "una sonona", na damu haipimwi.

Kosa la upande wa pili ni baya kuliko hilo. Mtu ana jumla ya 4, mnasihi anatulia, hajaona kwamba alama moja kati ya hizo imetoka swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Swali la 9 halijumlishwi na mengine kisha likasahaulika. Likipata hata alama 1, unauliza siku hiyo hiyo, ana kwa ana, kwa maneno ya wazi.

Halafu kuna ajali za barabarani. Basi likipinduka, kikundi cha wenye fulana kinafika wodini siku ya pili, kinawakalisha majeruhi na kuwataka kila mmoja asimulie alichokiona "ili atoe moyoni". Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo cha kumsimulisha mtu tukio punde tu baada ya msiba. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 unasema angalia, sikiliza, unganisha. Maji, simu ya kuwaarifu ndugu, habari za uhakika kuhusu waliolazwa. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe. Nani atawajibishwa fulana hizo zikiwa na nembo ya chama?

Hombolo

Mkuu Kilimatinde, makosa yote uliyoyataja ni ya kweli, na yote ni makosa ya mtu aliyeachwa peke yake. Kumweka nje ya chama hakung'oi kibao chake. Kunachofanya ni kumtoa kwenye macho yetu.

Na tusijifanye kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na asiye na shahada. Mwongozo wa PM+ wa Shirika la Afya Duniani, wa msaada mfupi wa kisaikolojia kwa mwenye msongo, uliandikwa kwa ajili yake. Vikao vitano, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Anafundisha kupumua taratibu, kushughulikia tatizo moja linalotatulika kwa hatua ndogo, kurudi kwenye shughuli zilizoachwa, na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Mwongozo huo huo unasema nani asipokelewe: aliye kwenye hatari ya karibu ya kujiua, na mwenye ugonjwa mkali wa akili au wa ulevi unaomzuia kufuata kikao. Hao wanapewa rufaa. Ni kazi yenye mipaka, na mtu wa kidato cha nne mwenye utu anaimudu.

Harare, Zimbabwe, nako, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi wa kliniki wanaoketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao, na dodoso la maswali 14 la Kishona. Matokeo ya majaribio yao yalichapishwa mwaka 2016 na wagonjwa walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu wetu wanapenda kusimulia bibi na benchi. Wanachokiruka ni kwamba nyuma ya bibi palikuwa na msimamizi na njia ya rufaa. Benchi lisilo na msimamizi ni fanicha.

Bubu

Kaka zangu, mnagombana juu ya mlango wakati hamjahesabu viti. Tupige hesabu.

Tuseme wanasihi 40 wanaomba. Kikundi cha usimamizi wa kitaalamu, ambamo wanasihi hupitia kesi zao na mwenye shahada, kisizidi watu sita, wakizidi kuna wawili watakaokaa kimya mwaka mzima. Hapo una vikundi saba. Kila kikundi kikutane saa mbili kila baada ya wiki mbili: vikao 26, saa 52 kwa mwaka. Mara saba ni saa 364. Ongeza kumwona kila mmoja akiwa kazini mara nne kwa mwaka, saa moja moja: saa 160. Jumla 524, sijahesabu safari wala simu za usiku.

Msimamizi mwenye ajira yake ana uwezo wa kutoa saa tatu kwa wiki, wiki 44 kwa mwaka, likizo na semina zikitolewa. Saa 132. Gawanya 524 kwa 132 unapata wanne kasoro kidogo. Kila mnasihi anakula saa 13 kwa mwaka, kwa hiyo msimamizi mmoja anabeba kumi, hapumui.

Pendekezo langu basi: chama kisiandike kwamba wanasihi wanaruhusiwa au hawaruhusiwi. Kiandike kwamba kila msimamizi anayesaini kutoa saa 132 anafungua viti kumi. Wakipatikana wawili, viti ishirini. Asipopatikana hata mmoja, hakuna kiti, na aibu ni yetu sisi wenye shahada, si yao.

Safari nayo isidharauliwe. Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240, kwa hiyo saa moja ya kumtazama mnasihi wa Ikungi inakula siku nzima ya msimamizi wa mjini. Dawa yake ni kupanga wanne wa njia moja kwa safari moja, na vikao vya kanda vifanyike Manyoni badala ya kila mara Dodoma. Manyoni ipo katikati, na reli ya zamani ya Singida ilichepukia hapo hapo. (Najua wa mjini mtanuna. Nuneni.)

Kinachoharibu vikundi ni kwamba mnasihi huleta kesi iliyomwendea vizuri. Sheria ya kikao iwe kinyume: lete ile uliyokwama. Dakika tano za maelezo, kisha dakika kumi igizeni, mwenzako awe mteja. Hapo ndipo utasikia mnasihi akihubiri, akikatiza, akisema "jikaze". Kwenye ripoti ya mdomo hutayasikia.

Na kesi za wateja kwenye WhatsApp! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kuandika "mama wa mapacha, mke wa mwenyekiti wa kitongoji" si kuficha jina, kijiji kizima kimeshamjua. Tumia namba, umri kwa kukadiria, wilaya tu, wala usitume sauti ya mteja. Karatasi yenye namba na majina ikae kwenye kabati yenye kufuli, mbali na simu.

Mwalimu wa Kondoa

Mmelisahau jambo la lugha. Kanda hii ina Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kinyiramba, na Kisandawe chenye vidoko (sauti za kugonga ulimi) ambacho mgeni hata kukitamka hawezi. Mzee wa Chemba ukimsomea majibu ya dodoso kwa Kiswahili, kama "zaidi ya nusu ya siku" za wiki mbili, anakujibu kwa heshima tu, hajakuelewa. Mwenye lugha mara nyingi ni huyo huyo wa kozi fupi.

Njia isiyo na gharama: weka mbele yake mbegu 14 za mahindi, siku za wiki mbili zilizopita. Atenge zile alizokosa usingizi. Mbegu 2 hadi 6 hesabu kuwa siku kadhaa (alama 1), 7 hadi 11 zaidi ya nusu (alama 2), 12 kwenda juu karibu kila siku (alama 3). Akitenga mbegu moja tu, muulize tena kwa maneno mengine kabla hujaandika.

Tafsiri isifanywe papo hapo na kila mtu kivyake. Wawili watafsiri kila mmoja peke yake, walinganishe. Wa tatu ambaye hajaona Kiswahili chake airudishe kwenye Kiswahili. Pasipolingana ndipo penye kazi. Kisha wasomewe wazee watano, waeleze walichoelewa. Kazi hiyo chama cha kanda kinaiweza kuliko ofisi yoyote ya Dar es Salaam.

Kilimatinde

Dada Bubu amenisogeza kidogo, sikatai. Hesabu ya viti naikubali kwa masharti matatu.

Jina liwe "mnasihi mshiriki", na neno mwanasaikolojia lisionekane kwenye kadi, kibao wala muhuri. Kadi iishe kila baada ya miezi 12, ihuishwe kwa daftari la usimamizi lenye saini, si kwa risiti ya ada pekee. Na kabla ya kadi kila mmoja afanyiwe mtihani wa mambo mawili ya sheria.

La kwanza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Usiri haufuniki mtoto anayeumizwa, taarifa inakwenda ustawi wa jamii wa halmashauri, na mteja aambiwe hivyo siku ya kwanza, si baada ya kumaliza kusema. La pili, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana familia husema "aliteleza". Mnasihi asiyejua hofu hiyo ataambiwa uongo na ataandika uongo. Anayejua atauliza polepole, atahakikisha mtu haachwi peke yake, kilichotumika kimeondolewa nyumbani, na wanafuatana hadi kituo cha afya siku ile ile.

Hombolo

Masharti sawa. Lakini umekwepa kura. Unataka walipe ada, wakaguliwe, wafanye mtihani, halafu mkutano mkuu wakae nyuma wapige makofi? Huko ni kuchangia harusi usiyopewa kadi. Wapige kura kwenye bajeti, mahali pa mikutano na uongozi wa wilaya. Viwango vya mafunzo na kamati ya maadili viachiwe wanachama kamili, hapo nipo nawe.

Mlimwa

Umeitaja kamati ya maadili. Watu watatu wote waliosoma darasa moja na mtuhumiwa hawatafika popote. Mmoja atoke mkoa mwingine, mmoja asiwe mwanasaikolojia kabisa, mwanasheria au kiongozi wa kijamii. Malalamiko yapokelewe hata kwa mdomo, katibu aandike na kumsomea mlalamikaji, maana ukidai barua umewafungia mlango wasiojua kuandika. Siku 14 kuthibitisha kupokea, siku 60 kutoa uamuzi. Na jina la aliyefutwa libandikwe palepale lilipobandikwa alipopokelewa.

Bubu

Hombolo, kuhusu kura naungana nawe nusu: bajeti ndiyo, uongozi wa wilaya wasubiri mwaka mmoja. Ila kuna shimo hakuna aliyelitaja. Msimamizi akihamishwa kituo katikati ya mwaka, na watumishi huhamishwa, viti vyake kumi vinakuwaje?

Kilimatinde

Vifungwe.

Bubu

Ukivifunga, watu kumi wanaendelea na kazi bila jicho, na hicho ndicho ulichokipinga tangu mwanzo. Napendekeza siku 60. Ndani ya hizo kikundi kinakutana kwa simu na msimamizi wa jirani, hakipokei mteja mpya mwenye alama yoyote kwenye swali la 9, anapelekwa moja kwa moja hospitali ya wilaya. Zikipita bila mrithi, kadi zinasimamishwa, hazifutwi.

Kilimatinde

Siku 45.

Bubu

Uhamisho wa serikali haukupi siku 45 hata za kufunga mizigo, mkuu. Sitini.